Mwaka wa Kanzu na Baiskeli

Siku ya tatu ya msiba wa Ami Nassor, wageni wa mbali walikuwa wameshaondoka, tumebaki sisi wa ndani, kahawa inanywewa kwa raha na haluwa inachotwa bila ya haya. Mmoja katika wanawe akanigeukia akasema, "Hebu, Suleiman, watolee vijana kile kisa cha kanzu na baiskeli. Hawa hawajakisikia." Basi nikakitoa. Karibu miaka thelathini nnakisimulia kisa kile, harusini, safarini, hata hospitali niliwahi kukisimulia nimelazwa na dripu mkononi. Nnajua pa kunyamaza, pa kuinua goti kama mtu anayekanyaga pedeli, na pa kuiga sauti ya Ami akiwa na hasira. Vijana walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa. Na mimi nikacheka nao, kisha nikatoka nje nikasimama penye magari, kwani uso ulikuwa haunitii. Kisa kile nnakikatiza. Kila siku nnaishia pahala pale pale, pa kuchekesha, halafu nnaomba kahawa. Kilichobaki sijamwambia mtu, hata mke wangu. Sasa Ami hayupo tena wa kumwonea haya, na mimi mwenyewe nimeshakuwa mtu mzima wa miwani na vidonge. Bora nikiseme chote.

Nani kamzaa nani nnaliruka. Wenye kulipenda jambo hilo wapo na hawachoki. Inatosha kujua kwamba nilikuja Maskati kutoka Unguja nina miaka ishirini na tatu, na kwamba Ami Nassor alikuwa ndugu wa baba yangu, baba mmoja mama mmoja. Baba alikuwa ameshakufa. Kibali changu kilikuwa cha mwaka mmoja, kinamalizika mwisho wa Januari. Ili nibaki kama mtu wa hapa, alitakiwa mtu mzima wa damu yangu asimame mbele ya sheikh wa kabila letu aseme kwa kinywa chake: huyu ni wetu. Mtu huyo hakuwa mwengine ila Ami. Akisema, nnabaki. Asiposema, nnafunga begi langu nnarudi nilikotoka, na kule sikuwa nimeacha kitu cha kurudia. Na Ami hakukataa. Laiti angekataa! Alisema, "Inshallah, tupishe joto." Joto likapita. "Inshallah, sheikh kasafiri." Sheikh akarudi. "Inshallah, karudi lakini ana wageni." Nilikuwa nikilisikia neno lile kila wiki, na siwezi kumjibu mtu inshallah kwa ubaya.

Nyumba ya Ami ilikuwa Hail, karibu na bahari, nyumba kubwa nyeupe yenye geti la kijani. Chumba changu kilikuwa nyuma, kimepakana na jiko. Zamani kilikuwa stoo, na harufu ya stoo haikutoka. Nililala baina ya magunia ya mchele na mitungi ya gesi, na shubaka langu la nguo lilikuwa limejaa makopo ya maziwa ya unga ambayo hakuna aliyekuja kuyachukua. Kuhusu kula, hakuna aliyenambia pa kula. Wanaume wa nyumba walikaa majlisi, ukumbi wa wanaume, kwenye sinia moja, Ami na wanawe watatu. Bi Zuwena, mke wa Ami, na mabinti zake walikula chumba cha ndani. Siku ya kwanza nilichelewa kutoka msikitini, sinia limeshaondolewa, nikapewa sahani jikoni. Siku ya pili nikaona haya kuingia majlisi bila ya kuitwa, wao wakadhani nimependa jikoni. Wiki ilipokwisha ikawa ndiyo sharia. Hakuna aliyenidhulumu, hakuna hata aliyelifikiri jambo lile, na hilo ndilo lililoniuma.

Aliyenipa sahani alikuwa Neema, mtumishi wa nyumba, mwanamke wa Singida, amenipita kama miaka sita. Mkristo, mrefu, ana kicheko cha ghafla kama mtu aliyetekenywa, na akisha kucheka hutizama mlangoni kuona kama kuna aliyesikia. Yeye aliniita kaka Sele, na mimi nikamwita dada. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kimechanganyika na Kiarabu cha jikoni. "Yalla kaka, kula, ukoko mtamu huo, hawa watu wa huko ndani hawajui mema." Alikuwa akinicheka kwa ninavyosema nnakwenda na nnakula, nami nikimcheka kwa kuitia chai sukari mpaka kijiko kinasimama. Tulikaa kwenye vibao viwili karibu na mashine ya kufulia. Nnasema kweli: mwaka ule, ukiondoa chai ya Neema ya asubuhi na sahani ya Neema ya jioni, kuna siku nzima zilizopita bila ya mtu kunita jina langu.

Kazi niliipata Ghala, mtaa wa viwanda, kwenye karakana ya kushona viti vya magari. Tajiri alikuwa Mpakistani, tukimwita Usta, mzee mwema asiyesema ila kuhusu uzi na ngozi. Gari sina, leseni sina, na magari ya Ami yalikuwa matano lakini hakuna lililokuwa likenda upande wa Ghala saa ile. Nikenda mtaa wa Hamriya, nikanunua baiskeli kuukuu kwa mtu aliyekuwa anarudi kwao, baiskeli nzito ya chuma, ina keria na kengele, breki ya nyuma ni ya kudra ya Mungu. Nilifurahi nayo, wallahi. Kwetu Unguja baiskeli ni kitu cha kila mtu. Mwalimu, mshona viatu, kadhi, wote wanapanda. Nikawa nnatoka baada ya sala ya alfajiri, nnafuata barabara ya pembeni, mwendo wa saa nzima, magari yananipita na taa zao. Njiani walikuwako wenye baiskeli wengine, Wahindi, Wabangali, Wapakistani, tumevaa ovaroli sote. Wao walinisalimu kwa Kiurdu, nikawajibu kwa Kiarabu, wakajua mimi si wao, wakapiga pedeli mbele. Wenye magari hawakunisalimu kabisa. Basi nikawa nnakwenda kati ya hawa na hawa, nnajisemea peke yangu, na mara nyengine nnapiga kengele bila ya sababu, angalau pawe na sauti.

Watu wa nchi za baridi wakisikia baridi ya Maskati watacheka, na wacheke. Lakini mtu hajui baridi mpaka apande baiskeli alfajiri ya Disemba na ovaroli limerowa. Mvua ya hapa haina adabu. Inakaa miezi haiji, watu wanaisalia, halafu inashuka siku tatu mfululizo kama iliyokuwa ikisubiriwa mahakamani. Barabara zikawa mito. Matairi ya magari yalinirushia maji ya matope mpaka kinywani, vidole viliganda kwenye usukani, na nikifika Ghala sindano siwezi kuishika. Usta akinitia mikono yangu kwenye bakuli la maji ya moto. Neema ndiye aliyenitafutia mifuko ya nailoni ya kuvalia viatu. Alinifunga mwenyewe asubuhi, kapiga magoti, anakaza fundo na huku anacheka. "Kaka Sele, umekuwa mzigo wa bandarini. Ukifika huko wakuandikie risiti." Nikirudi jioni nnakuta ametandaza ovaroli la akiba juu ya chuma cha jiko, lina joto, na chai ya tangawizi imefunikwa. Nilikuwa nikilivaa lile ovaroli la joto na macho yananilenga machozi, nami nnausingizia moshi.

Baina ya jiko na chumba cha ndani palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, na kidirisha hicho kilikuwa hakifungi vizuri. Siku moja ya mvua, wiki ya kwanza ya Januari, tumekaa kwenye vibao vyetu, tukasikia Bi Zuwena anasema, "Nassor, yule mtoto utampeleka lini kwa sheikh? Siku zake zinakwisha." Ami akajibu, na sauti yake hakuiteremsha. "Nitasimama vipi mbele ya sheikh niseme huyu wetu, na nchi nzima inamwona juu ya baiskeli na vibarua? Juzi wamempita watu wa msikitini hapa. Nimeomba Mungu wasimjue." Bi Zuwena akasema, "Si umpe gari?" "Nimpe gari nimzoeshe?" Kisha wakazungumza khabari za harusi. Neema alikuwa ameshika kijiko hewani. Hakucheka. Akaninong'oneza, "Usijali kaka, watu wakubwa wanaongea tu." Lakini mimi nilijali. Usiku ule nilihisi aibu mpaka miguuni, aibu ya kuwa kitu cha kuombewa kisijulikane.

Sasa hapa ndipo nilipofanya ujinga ambao hakuna ambaye angeweza kuufanya ila mtu wa Unguja. Nikafikiri: ubaya wa Ami si baiskeli, ubaya wake ni ovaroli. Kwetu mtu akivaa kanzu safi na kofia yake akapanda baiskeli, huyo ndiye mtu wa heshima hasa, ukimwona unajua anakwenda msikitini au kwenye nikaha, na watoto wanampisha njia. Basi asubuhi yake nikatoa kanzu yangu nyeupe ya Idi, nikavaa kofia ya mkono aliyoidarizi marehemu mama yangu, nikapindua upindo wa kanzu nikaukaza kiunoni, ovaroli nikalifunga kwenye keria. Neema alinitizama akasema, "Mh! Bwana harusi. Lakini kaka, matope?" Nikamwambia heshima haiogopi matope. Mvua ilikuwa bado haijaanza. Nikatoka getini kifua mbele.

Sikufika mbali. Gari ya kwanza ilinipita, ikapiga breki, ikarudi nyuma. "Ndugu, gari yako imeharibika wapi?" Nikasema sina gari. Akanitizama kwa huruma, akaenda zake pole pole kama aliyeona ajali. Ya pili ikasimama. Ya tatu ndani mlikuwa na wanawake, wakafunika midomo. Miezi minane nimepita njia ile na ovaroli, hakuna jicho lililoniona; leo kwa sababu ya kanzu, Maskati yote ina macho. Kumbe ovaroli ndilo lililokuwa likimsitiri Ami! Halafu mvua ikashuka. Upindo ukafunguka ukaingia kwenye cheni, nikaanguka kiubavu, nikanyanyuka na kanzu ina mstari mweusi wa girisi kutoka goti mpaka kifundo. Nikafika kwenye wadi, ule mto mkavu unaokata njia kabla ya Ghala, nao haukuwa mkavu tena. Maji mekundu yanapita juu ya barabara na magari yamepanga foleni pande zote mbili, watu wameshuka na miavuli wanatizama maji kama sinema. Na mimi nikatokea nimeibeba baiskeli begani, kanzu imenigandama, kofia inachuruzika. Watu wakageuka wote.

Mzee mmoja mwenye pikapu akanita. Kwanza kwa Kiarabu: we mtoto wa nani? Nikamjibu, akasikia lafudhi yangu, akabadilisha hapo hapo. "Ala! Wewe wa Unguja! Mtoto wa nani, mwanangu, na mvua yote hii?" Ningeweza kusema jina la baba na kunyamaza. Lakini nilikuwa nnatetemeka, na ilikuwa muda mrefu hakuna mtu mzima aliyenita mwanangu. Nikasema jina la baba, nikasema na la Ami Nassor, na nyumba, na geti la kijani. Nilisema kwa sauti, na waliokuwa karibu wote walisikia. Mzee akapiga kofi paja. "Nassor wa Hail? Na magari yake yale?" Akaitupa baiskeli nyuma ya pikapu, akanivika koti lake, maji yalipopungua akanivusha mpaka Ghala, na njia nzima anasema, "La haula, la haula."

Jioni niliporudi Ami alikuwa amesimama uani, mwavuli mkononi, hakuufungua. "Suleiman! Simu haijapoa tangu asubuhi! Watu wanne! Mmoja kanipa pole, ati amesikia nimefilisika! Mwengine ananambia atakupa gari yeye, kwa ajili ya Mungu!" Alikuwa anarowa na hajui kama anarowa. Nikasema, "Ami, nilivaa kanzu ili nikuwekee heshima." Kisha akasema yale maneno ambayo familia yetu haijayasahau mpaka leo: "Kesho saa mbili asubuhi tunakwenda kwa sheikh. Bora niseme wewe wangu, kuliko watu waseme nimekutupa mvuani." Hapa ndipo watu wanapocheka, na hapa ndipo nnapoomba kahawa.

Kesho yake nilipanda gari ya Ami kwa mara ya kwanza. Mbele ya sheikh alisimama, ingawa aliambiwa akae, na akasema, "Huyu ni mtoto wa ndugu yangu. Ni damu yangu." Sauti ilimkatika kidogo kwenye neno ndugu. Sikujua mpaka siku ile kwamba alikuwa akimkumbuka baba. Nililia, sikuona haya. Sheikh akaandika, akapiga muhuri, mwaka mzima ukamalizika kwa muda wa kunywa vikombe viwili vya kahawa. Tukiwa njiani kurudi Ami akasema bila ya kunitizama, "Leo utakula na sisi."

Nilipitia mlango wa nyuma kwa mazoea. Neema alikuwa anasugua kanzu yangu ya jana kwa ndimu na sabuni, girisi inakataa kutoka. Nikamwonyesha ile karatasi. Alirukaruka, akanikumbatia, akakumbuka kutizama mlangoni. Halafu akakaa kwenye kibao, uso umebadilika. "Kaka, nisikilize, sina muda. Mama yangu anaumwa. Kaka yangu ameandika barua, anasema hali yake siyo. Likizo yangu imepita miezi mitano sasa, na pasi yangu ya kusafiria iko kabatini kwa mama Zuwena. Kila nikimwambia, anasema kaongee na baba. Na baba mimi naongea naye vipi? Anajua hata sauti yangu? Wewe leo unakaa naye. Mwambie leo leo, usingoje kesho." Nikamwambia, "Nitamwambia. Wallahi leo nitamwambia." Niliapa. Hakuniomba kiapo, mimi mwenyewe niliapa.

Sinia lilikuwa la wali wa kabuli, lina zabibu na vitunguu vya kukaanga, na nyama katikati. Watoto wa Ami walisogea wakanipa nafasi. Ami alikata pande la nyama la pajani, akaliweka mbele yangu kwa mkono wake, na mtu wa kwetu anajua maana ya hilo. Tulikula, tukazungumza wadi na mvua, mmoja akaniigiza nilivyobeba baiskeli, na Ami mwenyewe akacheka. Nilihisi joto lote ambalo nililitamani juu ya baiskeli. Tulipomaliza Ami akasema, "Haya, Suleiman. Sasa wewe mtoto wa nyumba hii. Una haja yoyote? Sema, usione haya." Na pale pale mlangoni amesimama Neema, ana birika na bakuli la kunawia. Nilimwona. Na yeye alikuwa ananitizama, si kwa kuomba, ila kama mtu anayesubiri kitu anachojua kinakuja.

Nimejaribu mara nyingi kujitetea. Nilikuwa mdogo, nilikuwa mgeni, ilikuwa siku ya kwanza. Ukweli ni mmoja: niliogopa. Nilifikiri, nikifungua mdomo wangu kwa mara ya kwanza kwenye sinia hili kumsemea mtumishi, wataona kwamba kweli mimi ni wa jikoni. Nikasema, "Sina haja, Ami. Alhamdulillahi." Ami akawageukia wanawe. "Mnaona? Mtoto ana adabu." Neema akaingia, akatumiminia maji mikononi, mmoja mmoja. Alipofika kwangu alimimina kama alivyowamiminia wenzangu, akanipa taulo, akasema, "Karibu, Bwana Suleiman."

Alasiri nilikwenda jikoni nikamwambia nnangoja wakati mzuri. Akasema, "Sawa, bwana," akaendelea na vyombo. Nikangoja. Wiki ya kwanza Ami alikuwa na shughuli, wiki ya pili nilisema nipishe harusi ya binti. Nikawa na mimi nina inshallah zangu. Nilikuwa nikipelekwa Ghala kwa gari, kioo kimefungwa, na wale wa baiskeli mvuani sikuwaona tena. Wiki ya tatu, mchana, simu ililia ikawa ya Neema. Alisikiliza, akasema "eeh" mara mbili, akaweka. Mama yake ameshazikwa. Bi Zuwena alilia kweli, hakuwa mtu mbaya, akenda kabatini akarudi na pasi mkononi. "Chukua, Neema. Nenda kwenu, mwanangu. Tutakukatia tiketi leo." Mimi nilikuwa mlangoni. Neema alikuwa anamenya vitunguu, na hakunyanyua uso.

"Nikamwone nani, mama?" alisema, akachukua kitunguu chengine.